Majani Machungu na Mguu wa Papa

Papa yangu, yaani baba, hakuamini dawa isiyo chungu. Kidonge cheupe kisicho na ladha alikigeuza-geuza kiganjani kama mtu aliyeuziwa kitunguu kibovu, halafu akakiweka kando ya redio na kukisahau. Lakini umletee kikombe cha maji meusi ya majani yaliyochemka kutwa nzima, basi uso utakunjamana, machozi yatamlenga, na atakimaliza mpaka tone la mwisho. "Voilà," atasema akijifuta midomo. "Hii njo dawa." Mimi ni kitinda mimba wake na nimepewa jina la mama yake mzazi, kwa hiyo kwake sikuwa na jina lingine ila mamu, yaani mama, kwa Kiluba cha Kasai walikotoka wazee wake kuja kufanya kazi ya shaba. Kuitwa mama na mtu asiyesikia neno lako hata moja, jamani, ni mateso.

Alifanya kazi ya tanuru la kuyeyushia shaba hapa Likasi mpaka pensheni. Watu wa tanuru wana majivuno yao, na ya papa yalikuwa miguuni. Alipenda kutuhadithia jinsi makarani walivyorukaruka wakija kumtafuta, sakafu ikiwaunguza mpaka ndani ya viatu, na yeye amesimama tu anawatazama. Mama alipokuwa hai alimwambia hiyo si sifa. Hakumsikia yeye pia.

Walipompima kwenye dispensari na kumwambia ana sukari, alipokea habari ile kama mtu aliyetajiwa jina la adui anayemfahamu. Sukari ni tamu. Kinachoua utamu ni uchungu. Kwisha maneno. "Buchungu njo inauaka sukari," alisema, na mtaani kwetu Kikula hutapata wa kumpinga, maana kila mtu ana shangazi aliyepona hivyo. Chai akaanza kuinywa bila sukari, kwa fahari, akiwaonyesha wageni kikombe. Halafu mchana anaketi mbele ya bukari, ugali wetu wa mahindi na muhogo, tonge juu ya tonge mpaka sahani inang'aa. Nikimwambia kwamba bukari nayo ikifika tumboni inageuka sukari, alicheka mpaka akakohoa.

"Mamu, bukari na sukari, ni majina tu njo inafanana."

Sasa, kazi yangu mimi ni majani. Nimesomea kemia ya mimea, na kwa muda nilikuwa ng'ambo, kwenye maabara ambako tulifuga seli zinazotanda ndani ya mishipa ya damu, ule utando mwembamba ambao damu inaugusa inapopita. Tulizifuga kwenye visahani, tukazimwagia sukari nyingi, kama ilivyo kwenye damu ya mgonjwa. Sukari ikizidi, seli zile zinachafuka ndani kwa ndani: zinatengeneza sumu zao wenyewe, zinanata, zinalegea, mwisho zinakufa, na mshipa unabaki kama bomba lililoliwa na kutu. Lakini tukizipa kwanza vitu fulani tulivyovikamua kutoka kwenye majani, nyingi zilisalimika. Kwanza, nimesema. Kabla ya sukari. Tukichelewa, tukitanguliza sukari na kuja na majani baadaye, hatukuokoa kitu. Na sehemu chungu ya majani yale tulikuwa tumeitenga mapema, ikawa haina msaada wowote. Iliyolinda ilikuwa unga wa manjano usio na ladha kabisa.

Nilifurahi. Nani asingefurahi? Nikamtumia papa ujumbe wa sauti kwenye simu, kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, nikamweleza kwamba tumeona majani yanaweza kulinda mishipa ya damu sukari ikiwa nyingi. Nikaongeza kwamba hizo ni seli za kwenye kisahani tu, kwamba mtu si kisahani, kwamba aendelee na vidonge vyake. Ujumbe ulikuwa mrefu. Papa alisikiliza mwanzo wake.

Mwanzo huo akawasikilizisha watu wote: shemasi, fundi baiskeli, mama wa kwaya, mpaka yaya wangu, dada yangu mkubwa anayekaa naye, akaujua kwa kichwa. Ikifika pale ninaposema "kulinda", papa alizima simu. "Munasikia? Ni mutoto yangu. Iko Bulaya, anasoma mayani." Vidonge vikahama kutoka kando ya redio kwenda juu ya kabati, na kutoka juu ya kabati sijui vilikwenda wapi.

Na wala hayakuwa majani yale. Hili ndilo linalonichoma hadi leo. Mmea wa maabara yetu haumei Likasi, papa hajawahi kuuona, na hata jina lake sikulitaja. Yeye alisikia "majani", na kwake majani ni majani, mradi yawe machungu.

Niliporudi nchini nikapata kazi ya kufundisha Lubumbashi, nikawa nakuja Likasi kila nilipopata nafasi. Wakati huo papa alikuwa analalamika miguu inamwaka. Hakuweza kuifunika kwa shuka. Yaya alimwekea beseni la maji baridi chini ya kiti, naye akashinda amezamisha miguu humo akisikiliza redio. Niliijua ile dalili: sukari imeanza kula mishipa midogo inayolisha neva za miguu. Nikamsihi. Nikamletea vidonge vipya, nikamletea kipimo cha damu, nikamwonyesha yaya namna ya kukitumia. Yaya akasema sawa. Yaya husema sawa kwa kila kitu, halafu anafanya alichoambiwa na papa.

Kisha safari moja nafika, nakuta papa amesimama mlangoni peku, amenikunjulia uso.

"Mamu, buchungu ya miguu imeisha. Imeisha kabisa."

"Imeisha namna gani, papa?"

"Buchungu ya mayani imefukuza buchungu ya miguu. Weye mwenyewe njo ulisema."

Tazama alivyolishika neno. Uchungu ni ule wa ulimini, na uchungu ni ule wa kidonda. Neno ni moja, na yeye aliona mmoja umemtoa mwenzake nyumbani. Kwa kweli hesabu yake ilikwenda sawa. Ila mimi nilijua vingine. Miguu ya mgonjwa wa sukari ikiacha kuuma wakati sukari iko palepale, haijapona: neva zimekufa. Nikapima damu yake hapo hapo mlangoni. Sukari ilikuwa juu kuliko nilivyoogopa. Papa aliitazama ile namba kwa upole, akasema betri ya mashine imechoka.

Nikamwendea yaya jikoni. Nilitaka kujua ni majani gani hasa anamchemshia, kwa sababu yalinuka tofauti. Akaniambia amebadilisha muuzaji; sasa anachukua kwa mama mmoja wa sokoni anayeyachuma upande wa Shinkolobwe. Nilidhani sikusikia vizuri. Shinkolobwe, kwenye ule mgodi wa uranium uliofungwa, ambako hata wachimbaji wanaingia kwa kujificha?

"Njo mazuri zaidi," yaya alisema, akipunguza makaa kwenye mbabula, jiko letu la mkaa. "Yule mama anasemaka udongo ya kule iko na nguvu. Inaingiaka mu mayani."

"Yaya, weye unajua ile nguvu ni nguvu ya nini?"

"Nguvu ni nguvu."

Nilikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa nikacheka kicheko kibaya, na yaya akanuna, akidhani namcheka yeye. Kidogo ni kweli nilimcheka. Ila zaidi nilijicheka mimi, na miaka yote ile niliyokesha juu ya visahani. Seli kwenye kisahani hazibishani. Hazina shemasi wala yaya, na hazimezi bukari tonge juu ya tonge. Unazipa dawa kwanza, zinapokea dawa kwanza. Mtu je? Mtu anakuja kwako sukari imeshamtafuna miaka kumi, na neno moja ulilosema kwa furaha kwenye simu, na analing'ang'ania hilo neno mpaka linamwua.

Kidonda kilianza na jiwe. Kokoto dogo liliingia ndani ya kiatu chake siku ya Jumapili, akatembea nalo kutoka misa mpaka nyumbani, na vilima vyote hivi vya Likasi, bila kulisikia. Yaya aliona damu kwenye soksi. Waliosha kwa maji ya majani, bila shaka, wakafunga kitambaa, na hakuna aliyenipigia simu kwa kuwa haikuuma. Nilipokuja baadaye, harufu ilinipokea sebuleni kabla ya papa.

Nilifungua kitambaa. Sitaeleza nilichokiona chini ya unyayo wa baba yangu. Nikamwambia tunakwenda hospitali saa hiyo hiyo.

"Kufanya nini?" akasema. "Haiko inauma."

"Ile njo mubaya, papa."

"Na kama ingeuma, ungesema nini?"

"Ningemushukuru Mungu."

Akamgeukia yaya, macho yamemtoka. "Unasikia? Mutoto iko anataka minye niumie."

Nikavuta kiti, nikakaa mbele yake, nikajaribu kumweleza kama ninavyowaeleza wanafunzi wangu wagumu kuelewa. Nikamwambia kile tulichokiona maabara kinalinda, hakiponyi. Nikamwambia, "Papa, weka mulinzi ku mulango. Sawa. Lakini mwizi ameisha kuingia mu nyumba, ameisha kubeba bintu. Mulinzi atafanya nini?"

Alifikiri. Kwa mara ya kwanza tangu niende shule nilimwona papa anafikiria jambo nililosema, na moyo ukaanza kunitulia. Nikaona nimempata.

"Bon," akasema mwishowe. "Sasa njo utamufukuza mulinzi, nyumba ibakie bule?"

Nilitamani kupigiza kichwa ukutani. Yaya alicheka, na papa akafurahi kuona yaya amecheka, akaomba kikombe chake.

Nikamleta muuguzi wa dispensari, mama mtulivu anayesali na papa kanisa moja, nikidhani labda atamstahi. Alimwambia afumbe macho. Akachukua sindano, akaanza kumgusa-gusa unyayoni, kisigino, kwenye vidole, juu ya mguu, kwa ncha. Papa amefumba macho kama mtoto anayesubiri zawadi.

"Papa, nimekuchoma wapi?"

"Ungali bado kuanza, mama."

Alikuwa ameshamaliza. Papa alipofumbua macho na kuona vitone vya damu vidogo mguuni mwake, alifungua mikono. "Munaona? Hata sindano." Alijivuna kabisa, mzee yule, kama zamani akituhadithia habari za sakafu ya tanuru. Muuguzi alinivuta nje, akaniambia nisipoteze muda, sumu ya kidonda itapanda. Kwa sasa pengine watasafisha tu na kukata kidole au viwili. Tukingoja, watakata mguu. Tukingoja zaidi, tutazika.

Basi nikapigania ule mguu. Nilimwita shemasi, akaja akaomba sala ndefu na kumalizia kwa kuulizia majani kwa ajili ya shemeji yake. Niliwapigia kaka zangu, mmoja Kolwezi, mmoja Lubumbashi. Wote wawili waliniambia papa ni mtu mzima, nisimlazimishe, mimi nimezoea kuamrisha tangu nirudi kutoka Ulaya. Nikamwomba kwa machozi. Nikamtisha. Nikamnunia siku nzima, nikakaa uani nimempa mgongo, na yeye akatuma yaya aniletee karanga. Hata kumkasirikia hakukuwa kazi rahisi, alikuwa mwema mno kwangu.

Nikaenda jikoni, nikaikamata ile sufuria ikiwa inachemka, nikaimwaga yote uani. Majani meusi yakatawanyika kwenye vumbi jekundu, mvuke ukapanda. Yaya alinishika mkono kwa nguvu. Machozi yalikuwa yanamtoka.

"Weye unakuja, unaenda," aliniambia. "Minye njo niko hapa. Alikuwa analia miguu, ni minye. Anaomba mayi ya kunywa, ni minye. Ile mayani njo kintu moja minye naweza kumufanyia. Unataka nimufanyie nini?"

Jibu lilikuwepo, hospitali, vidonge, sindano, lakini pale lilionekana jibu la mtu anayepita njia. Papa hakupiga kelele. Alisema kutoka sebuleni, kwa sauti ile ile ya kila siku, kwamba kesho yaya aende sokoni mapema, kabla yule mama hajamaliza majani.

Nilirudi Lubumbashi kufundisha. Ndiyo, nilirudi, mtu hawezi kuacha kazi kwa sababu ya mzee mmoja mbishi, nilijiambia hivyo, nikijua maana ya maneno yangu. Wiki haikuisha. Yaya alipiga simu anasema papa anatetemeka, anawaita wenzake wa tanuru ambao wengi wamekwisha kufa, anawaambia wasogee, shaba inakuja. Jirani alimbeba kwa gari lake mpaka hospitali, na mimi nikawakuta huko.

Daktari mpasuaji alikuwa kijana mwenye uso wa kuchoka. Alituonyesha wekundu uliopanda kwenye muundi wa mguu. Akasema kukata ni chini ya goti, na ni leo. Papa alikuwa kitandani macho wazi, lakini hakuwa pamoja nasi. Tulimwambia, akaitika, tulimwambia tena, akauliza kama zamu imeisha. Tukakubali kwa niaba yake, yaya na mimi, bila kutazamana.

Tukiwa tunangoja kwenye korido, mama wa kwaya alikuja kutufariji na sufuria ya wali. Alikaa kando yangu, akanishika bega. "Mushukuru Mungu kwa ile mayani yenu," alininong'oneza. "Bila ile, angekuwa amekufa zamani." Nilimtazama. Nilitaka kumwambia mambo mengi, na yote yalikuwa ya kweli. Alikuwa ameacha watoto wake nyumbani na kutupikia wali. Nikasema asante, mama. Hasira nilizomeza siku ile ziko tumboni mpaka sasa.

Walimkata salama. Sukari yake waliishusha kwa sindano, homa ikatoka, na asubuhi iliyofuata nilikuwa peke yangu naye, yaya ameenda kuoga. Walikuwa wamemfunika blanketi mpaka kifuani, na ganzi na homa vilikuwa vimemwacha hajui siku gani. Alifungua macho. Yalikuwa macho yake mwenyewe. Alinitafuta mpaka akanipata, akatulia kidogo, kama anayesikiliza kitu ndani ya mwili wake. Kisha uso ukamkunjamana kwa maumivu, na katikati ya maumivu hayo akaanza kutabasamu.

"Mamu," akasema. "Muguu iko inauma."

"Muguu gani, papa?"

"Ile ya kidonda. Mu vidole. Inauma sana." Alinikamata kiganja, ana nguvu ajabu. "Ulisema kweli. Ulisema ikiuma tutamushukuru Mungu. Iko muzima, mamu. Kimbia umuambie munganga. Basikate muguu."

Nikaketi kitandani kando yake, pale ambapo mguu ungekuwa.